Dhahabu ya Mwaka wa 874: Hadrian na Siku ya Kuzaliwa kwa Roma

Sarafu hii ni ndogo. Upana wake ni kama sentimita mbili, uzito wake unapita gramu 7 kidogo tu, na dhahabu yake ni safi karibu kabisa. Mbele amechongwa Kaisari Hadrian akitazama kulia, mwenye ndevu zilizotunzwa vizuri na taji la majani kichwani. Nyuma kuna kijana aliyejilaza nusu, kifua wazi, nguo ikimfunika kuanzia kiunoni. Mkono wa kulia ameshika gurudumu. Wa kushoto amekumbatia nguzo tatu zilizochongoka, zile zilizosimamishwa mwisho wa uwanja wa mbio ili waendesha magari ya farasi wajue pa kugeukia. Kumzunguka yameandikwa haya: ANN DCCCLXXIIII NAT VRB P CIR CON.

Ndivyo Warumi walivyofupisha maneno ili yaenee kwenye chuma. Yakinyooshwa yanasema kwamba katika mwaka wa 874, siku ya kuzaliwa kwa Mji, michezo ya uwanjani iliwekwa kwa mara ya kwanza. Mji hautajwi jina. Kwa Mrumi, ukisema Mji umesema Roma. Kijana aliyejilaza wataalamu wengi wanamchukua kuwa roho mlinzi wa Circus, uwanja mkubwa wa mbio uliokuwa bondeni kati ya vilima vya Palatino na Aventino.

Ninaichambua sarafu hii kwa sababu ya namba yake. Anayeadhimisha umri wa mji husubiri namba ya duara: miaka mia, mia tano, elfu. Roma ilifanya hivyo mara kadhaa, kabla ya Hadrian na baada yake. Hadrian yeye alichukua dhahabu, metali ya juu kabisa katika mfumo wake wa fedha, akaandika juu yake namba isiyo na mvuto wowote. Kwa nini 874? Jibu lake, nionavyo mimi, linaeleza kwa nini sherehe hiyo ilidumu wakati sherehe za wengine, zilizokuwa kubwa kuliko yake, zilipita na watu wakarudi nyumbani.

Hesabu ya miaka

Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa kwa Roma. Waandishi wa kale walitofautiana, na hata orodha rasmi ya mabalozi (makonsuli, wakuu wawili wa dola waliowekwa kila mwaka) iliyochongwa kwenye mawe zama za Augustus ilikuwa mwaka mmoja nyuma ya hesabu iliyokuja kushinda. Iliyoshinda ni ya Varro, msomi wa karne ya 1 KK, aliyeweka mwanzo wa mji mwaka 753 KK. Rafiki yake Tarutius wa Firmum, mtu wa nyota, alipiga falaki ya Romulus kwa kurudi nyuma kutoka matukio ya maisha yake. Tarehe ya 21 Aprili yenyewe ilikuwapo tayari, kwa kuwa ndiyo siku ya Parilia, sikukuu ya wachungaji, na hadithi ilisema Romulus aliukata mpaka wa mji siku hiyo.

Sasa tuhesabu. Mwaka 753 KK ndio mwaka wa 1 wa Mji. Hakuna mwaka sifuri, kwa hiyo mwaka wa 1 BK ni wa 754, na mwaka 121 BK ni wa 874. Hapo namba ya sarafu inakaa sawasawa. Lakini angalia jambo moja. Tarehe 21 Aprili 121 Roma ilikuwa imetimiza miaka 873, ikaingia katika wa 874. Sarafu haitaji umri uliotimia. Inataja mwaka ambao tukio lilifanyika. Tofauti hii ni ndogo kwa macho ila ni kubwa kwa maana. Namba iliyo kwenye dhahabu ni tarehe ya tendo, kama tarehe ya juu ya hati.

Kwa wanaosoma sarafu, tarehe hii ni neema. Hadrian alikuwa balozi kwa mara ya tatu mwaka 119, na hakurudia tena cheo hicho mpaka alipokufa mwaka 138. Sarafu zake nyingi mno zinasema COS III, yaani balozi mara ya tatu, maneno yanayoweza kuangukia popote katika miaka hiyo karibu 20. Wataalamu hulazimika kuzipanga kwa kuangalia sura, ndevu, mtindo wa kuchonga na urefu wa vyeo. Katikati ya bahari hiyo ya COS III kuna sarafu moja inayotamka mwaka wake. Katika fedha zote za Kirumi, zile zinazohesabu miaka tangu kuanzishwa kwa Mji zinahesabika kwa vidole. Warumi katika maisha ya kila siku walitaja mwaka kwa majina ya mabalozi wawili, na hesabu ya tangu Mji waliwaachia wasomi. Kuiweka kwenye fedha kulikuwa ni uamuzi.

Mtu aliyehitaji kupendwa na Roma

Hadrian alipokea ufalme Agosti 117 akiwa mashariki, baada ya kaisari aliyemtangulia, Trajan, kufa Kilikia. Familia yake ilitoka Italica, kusini mwa Hispania. Taarifa ya kwamba Trajan alimpanga kuwa mwana na mrithi ilitoka dakika za mwisho, kitandani pa mgonjwa, na minong'ono haikuisha. Jambo lake la kwanza kubwa lilikuwa kuziacha nchi ambazo Trajan alikuwa ameziteka karibuni ng'ambo ya mto Frati. Kiuongozi lilikuwa jambo la busara. Kwa majemadari waliokuwa wamemwaga damu kule, lilikuwa tusi.

Kisha ikatokea habari mbaya zaidi. Kabla Hadrian hajafika Roma, watu wanne waliokuwa wamewahi kuwa mabalozi waliuawa kwa tuhuma za njama: Nigrinus, Palma, Celsus na Lusius Quietus. Huyu wa mwisho alikuwa jemadari maarufu wa wapanda farasi, Mmauri wa Afrika Kaskazini. Hadrian alidai hakuagiza. Seneti haikusahau mpaka mwisho wa maisha yake, na alipokufa ilitaka kumnyima heshima za kimungu, mpaka mrithi wake Antoninus aliposisitiza.

Alipoingia mjini mwaka 118 alianza kazi ya kutuliza mioyo. Alifuta madeni ya hazina yaliyofikia sesterti milioni 900, na hati zake zikachomwa hadharani katika uwanja wa Trajan. Tendo hilo nalo likapigiwa sarafu, ya shaba, inayoonyesha mtu akiziwasha karatasi kwa mwenge. Hapo tunaanza kumjua mwanamume tunayeshughulika naye: alifanya jambo linaloonekana, kisha akaliweka kwenye fedha ili hata asiyekuwapo alione.

Mwaka 121 ndio wanahistoria wengi wanaouweka kuwa mwanzo wa safari yake ndefu ya kwanza kuelekea majimbo ya kaskazini na magharibi, safari iliyompeleka mpaka Britania. Kaisari anayekaribia kuondoka Roma kwa miaka, ambaye Seneti inamtazama kwa jicho la pembeni, anaiachia nini Roma ili isijione imetupwa?

Mambo ya mwaka 121

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu, kwa sababu sarafu haikusimama peke yake.

Kwanza kuna mawe. Roma ilikuwa na mpaka mtakatifu, pomerium, mstari ambao hadithi ilisema Romulus aliuchora kwa jembe. Mawe ya mpaka huo yaliyosimamishwa upya kwa amri ya Hadrian kupitia baraza la maaguri, makuhani waliobashiri kwa kutazama ndege, yamepatikana, na vyeo vilivyochongwa juu yake vinaangukia mwaka 121. Hadrian hakuupanua mpaka, kama Claudius na Vespasian walivyofanya. Aliurudishia mawe yake palepale. Mtu aliyerudisha majeshi nyuma ya Frati, nyumbani alikuwa anafanya jambo linalofanana: kuonyesha mahali mji unapoishia na kupaheshimu.

Pili kuna hekalu. Hadrian alianzisha hekalu la Venus na Roma, mkabala na Colosseum, juu ya eneo lililokuwa ukumbi wa kuingilia wa jumba la dhahabu la Nero. Jukwaa lake lilikuwa na urefu wa mita kama 145 na upana wa mita 100, na lilikuwa hekalu kubwa kuliko yote mjini. Ndani yake kulikuwa na vyumba viwili vilivyopeana mgongo: Roma akitazama baraza la mji, Venus akitazama Colosseum. Ili kupata nafasi, sanamu kubwa ya Nero, ambayo uso wake ulikuwa umekwisha kugeuzwa kuwa wa mungu Jua, ilihamishwa ikiwa imesimama, na wasifu wa kale wa Hadrian unasema ilivutwa na tembo 24. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na Antoninus ndiye aliyeumaliza.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mungu mke Roma alikuwa akiabudiwa mashariki kwa karne tatu kabla ya hapo. Watu wa Smyrna walimjengea hekalu mwaka 195 KK, kama njia ya kujipendekeza kwa dola iliyokuwa inapanda. Nyumbani Roma kwenyewe hakuwa na hekalu la dola. Kaisari mwenye asili ya Hispania, mpenda Uyunani, ndiye aliyeileta ibada hiyo kutoka majimboni na kuiweka katikati ya mji wenyewe. Waliozaliwa Roma walikuwa hawajaona haja ya kuusujudia mji wao.

Tatu kuna sikukuu. Parilia ilikuwa siku ya mifugo na moshi. Mshairi wa zama za Augustus ametuachia maelezo yake: zizi linafagiliwa kwa ufagio uliolowa, kondoo wanafukizwa kwa moshi wa salfa, keki za mtama na maziwa zinatolewa kwa Pales, mungu wa wachungaji, kisha watu wanaruka juu ya matuta ya majani yanayowaka. Anayejua Mwaka Kogwa wa Makunduchi, na moto wa kile kibanda cha makuti, ataelewa mara moja ni sikukuu ya namna gani: ya mashambani, ya kale kuliko serikali yoyote, na wenyewe hawahitaji kuelezwa kwa nini wanaifanya.

Hadrian akaichukua siku hiyo na kuivika nguo ya mji mkuu. Athenaeus wa Naukratis, Mgiriki wa Misri aliyeandika miaka kama 80 baadaye, anaeleza wageni waliokuwa mezani wakizungumza, mara mji mzima ukajaa sauti za filimbi, matoazi na ngoma pamoja na nyimbo. Ilikuwa, anasema, sikukuu iliyokuwa ikiitwa Parilia na sasa inaitwa Romaia, tangu Hadrian alipoisimamishia Bahati ya Mji hekalu lake. Kwa kauli hii tunajua kuwa hekalu, sikukuu na 21 Aprili vilikuwa kitu kimoja, na ndiyo maana wengi huweka kuanzishwa kwa hekalu siku hiyohiyo ya mwaka 121.

Rudisha sasa sarafu katikati ya haya yote. Mawe ya mpaka yanamhusu Romulus. Hekalu linamhusu Roma mwenyewe na Venus, bibi wa ukoo wa Enea, shujaa wa Troya ambaye Warumi walimhesabu kuwa babu yao. Mbio za magari zinawahusu watu wa kawaida, wale watu mamia ya maelfu ambao hawakuwa na nafasi Seneti ila walikuwa na nafasi kwenye viti vya Circus. Sarafu imechagua kuonyesha lipi? Haikuchagua hekalu, wala mpaka, wala mbwa mwitu na pacha wake, ambao wangekuwa picha rahisi kabisa ya kuzaliwa kwa Roma. Imechagua gurudumu na nguzo za kugeukia. Dhahabu iliyokuwa ikishikwa na matajiri imepambwa kwa burudani ya wananchi. Mimi naliona hilo kuwa la makusudi kabisa. Kaisari anawaambia wakubwa kwamba mji ni wale waliojaa uwanjani, na kwamba yeye ndiye aliyewapa siku yao.

Je, kweli ilikuwa mara ya kwanza?

Hapa lazima tuwe wakali kidogo. Mwaka 45 KK, habari za ushindi wa Julius Caesar kule Munda, Hispania, zilifika Roma jioni ya kuamkia Parilia. Kwa ajili hiyo ikapitishwa kwamba siku hiyo iwe na mbio za uwanjani. Kwa hiyo mbio za 21 Aprili zilikuwapo zaidi ya miaka 160 kabla ya Hadrian. Mwanahistoria Cassius Dio, anayetoa habari hii, anasema wazi kwamba mbio hizo hazikupewa kwa sababu ya mji bali kwa sababu ya Caesar. Aliyeshangiliwa alikuwa mshindi wa vita, na baada ya kuuawa kwake heshima hiyo ilififia upesi.

Herufi P katika maandishi ya sarafu ndiyo inayobeba neno "kwanza". Wapo waliopendekeza isomwe kama Parilia yenyewe, na wengine kama "kwa watu". Mimi naona usomaji wa "kwanza" una nguvu kwa sababu namba ya mwaka inahitaji tendo la kuanzia. Mtu haandiki mwaka kamili kando ya jambo linalofanywa kila mara. Na dai la Hadrian linasimama ikiwa tunalisoma kama alivyoliandika: michezo kwa ajili ya siku ya kuzaliwa kwa Mji. Ile ya Caesar ilikuwa ya Caesar. Hii hakuna ushindi wowote nyuma yake, hakuna adui aliyepigwa, hakuna mwana wa mfalme aliyezaliwa. Mji ndio wenye sherehe.

Dhahabu ilikwenda kwa nani

Siku hizi mji ukitimiza miaka yake hutolewa medali ya dhahabu ndani ya kisanduku, anayeinunua huifungia kabatini, na dukani haina kazi. Sarafu ya Hadrian ilikuwa fedha halali. Aureus moja, ndilo jina la sarafu hiyo ya dhahabu, ilikuwa dinari 25 za fedha, yaani sesterti 100. Askari wa kikosi cha kawaida alilipwa dinari 300 kwa mwaka tangu nyongeza ya Kaisari Domitian, ambazo ni aureus 12 kabla ya makato ya chakula na nguo. Kipande kimoja cha dhahabu ya mwaka 874 kilikuwa mshahara wa mwezi mzima wa mtu aliyelinda mpaka. Muuza mboga wa Subura, mtaa wa watu wa kawaida mjini Roma, pengine hakuigusa. Kwake yeye kulikuwa na sarafu za shaba, na picha hiyohiyo ya gurudumu na nguzo ilipigwa kwenye sesterti pia.

Dhahabu haikuwa shida miaka hiyo. Trajan alikuwa ameiteka Dakia mwaka 106, na migodi ya milima ile, pamoja na ile ya kaskazini magharibi ya Hispania, ililisha kiwanda cha sarafu cha Roma. Fundi alichonga kalibu mbili kwa mkono, kinyumenyume, herufi zikiwa za ukubwa usiofika milimita mbili. Kipande cha dhahabu kilichopimwa uzani kiliwekwa kati ya kalibu hizo na kupigwa nyundo. Ukiiangalia sarafu hii kwa ukaribu utaona jinsi fundi alivyohangaika na namba: DCCCLXXIIII ni herufi 11, na alilazimika kuzieneza zote kwenye duara pamoja na maneno mengine. Fundi mvivu angeandika mwaka kwa kifupi. Hakuruhusiwa.

Fedha ya Kirumi ilisafiri. Dhahabu ilivuka mpaka India kulipia pilipili na vitambaa. Pwani yetu ya Afrika Mashariki, mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 unataja vilivyoletwa kuuzwa mpaka Rhapta, bandari ya kale ya pwani hiyo: mikuki, mashoka, visu na vioo, dhahabu ya Kaisari haimo katika orodha hiyo. Ujumbe wa Hadrian ulikuwa wa watu wa ndani ya dola, walioujua mji hata kama hawajauona.

Waliosubiri namba ya duara

Claudius aliadhimisha mwaka wa 800 mnamo 47 BK kwa Michezo ya Karne. Mpiga mbiu alizunguka akiwaalika watu waone michezo ambayo hakuna aliyewahi kuiona wala atakayeiona tena. Watu walicheka, anasimulia Suetonius, kwa sababu wazee waliokuwa wameona michezo ya Augustus ya mwaka 17 KK walikuwa bado hai, na hata waigizaji waliocheza kule walirudi jukwaani.

Antoninus Pius alifikia mwaka wa 900, kati ya 147 na 148. Ameacha medali za shaba ambazo mimi naziona kuwa kati ya kazi nzuri kabisa za uchongaji wa Kirumi: Enea akiteremka pwani ya Italia, nguruwe jike na watoto wake, Horatius akiogelea mtoni daraja likivunjwa, nyoka wa Aesculapius, mungu wa tiba, akiwasili kwenye kisiwa cha mto Tiber. Ni kitabu cha historia ya mji kilichotawanywa katika vipande vya shaba, na alikuwa Antoninus huyohuyo aliyelimaliza hekalu la Hadrian. Aliijua kazi aliyorithi.

Kisha Philip, aitwaye Mwarabu, mzaliwa wa Shahba kusini mwa Siria, akaangukiwa na namba kubwa kuliko zote. Tarehe 21 Aprili 248 Roma ilitimiza miaka elfu moja. Wasifu wa kale usioaminika sana unataja tembo 32, viboko 6, twiga 10 na kifaru 1, wengi wao wakiwa wamekusanywa na mtangulizi wake Gordian kwa sherehe nyingine ambayo hakuifikia. Wanyama wengine tunawaona kwenye fedha yake wenyewe: simba, kulungu, swala, na kiboko nyuma ya picha ya mkewe Otacilia Severa. Maandishi ni SAECVLARES AVGG, "Michezo ya Karne ya Makaisari". Umiliki umehama. Kwa Hadrian siku ni ya Mji; kwa Philip michezo ni ya Makaisari.

Na metali imeshuka. Fedha ya sarafu hizo za Philip haifiki nusu ya uzito wake. Dhahabu ya utawala wake ni adimu sana leo. Mfalme Shapur wa Uajemi aliandika kwenye mawe ya Naqsh-e Rostam kwamba Philip alimlipa dinari 500,000 ili apate amani. Kaisari wa mwaka wa elfu alianza utawala wake kwa kulipa fidia.

Mwaka huohuo wa 248, huko Moesia kwenye Danube, jemadari Pacatianus aliasi na kujitangaza kaisari. Akapiga fedha yake mwenyewe, na juu ya mojawapo akaandika: kwa Roma ya milele, mwaka wa elfu na mmoja. Hesabu yake ni sahihi. Mji ulitimiza elfu na kuingia wa 1001. Ni mtu wa pili, baada ya Hadrian, ninayeweza kumtaja aliyeweka mwaka wa Mji kwenye fedha ya Kirumi bila kuzunguka. Ujumbe wake ulikuwa mkali: Philip ameimaliza elfu ya kale, mimi naanza elfu mpya. Askari wake mwenyewe walimuua baada ya muda mfupi. Philip naye akauawa mwaka 249, akipigana na Decius.

Ukimweka Pacatianus kando ya Hadrian, namba 874 inaeleweka vizuri zaidi. Wote wawili waliandika mwaka wa mwanzo wa jambo. Wa kwanza alianzisha siku itakayorudi kila Aprili. Wa pili alianzisha utawala. Claudius na Philip waliadhimisha mwisho wa hesabu, na hesabu ikiisha sherehe nayo inaisha mpaka karne nyingine ifike.

Kilichobaki kila 21 Aprili

Je, siku ya Hadrian ilishika? Kuna karatasi moja ya mafunjo inayojibu. Ilipatikana Dura-Europos, kwenye ngome iliyo kando ya Frati, katika nyaraka za kikosi cha 20 cha Wapalmira. Ni kalenda ya sadaka za jeshi ya miaka ya 220, na kwenye 21 Aprili imeandikwa siku ya kuzaliwa kwa Roma ya milele, sadaka ya ng'ombe jike. Askari hao walikuwa wapiga mishale na wapanda farasi wa Siria, wengi wao hawajawahi kuuona Tiber. Miaka 100 baada ya dhahabu ya Hadrian, kwenye mto uleule aliouacha uwe mpaka, walikuwa wakichinja ng'ombe kwa ajili ya siku ya kuzaliwa kwa mji wa mbali.

Na Roma yenyewe? Kalenda ya mwaka 354, iliyotengenezwa kwa ajili ya Mkristo tajiri katika dola ambayo makaisari wake walikuwa tayari Wakristo, bado inaandika kwenye 21 Aprili: siku ya kuzaliwa kwa Mji, michezo ya uwanjani, mashindano 24 ya mbio. Pales hayumo. Hadrian hayumo. Sadaka zimeanza kupigwa marufuku. Mbio zimo, miaka 233 baada ya kuwekwa, katika uwanja uleule na kwa idadi ileile ya mashindano inayopewa siku kubwa za dola.